Kwa nini homa ya dengue huwa hatari zaidi inapomrudia mtu

MTU akiugua surua na kupona, mwili wake huuhifadhi ugonjwa huo katika kumbukumbu kwa maisha yake yote. Virusi vya surua vikirudi, walinzi wa mwili huvitambua na kuviangamiza kabla mwenyewe hajahisi lolote. Chanjo nyingi zimetengenezwa kwa kutegemea kanuni hiyo.

Homa ya dengue huivunja kanuni hiyo. Mtu aliyewahi kuambukizwa dengue mara moja huwa katika hatari kubwa zaidi ya kulemewa na ugonjwa akiambukizwa tena, kuliko yule ambaye hajawahi kuupata. Watafiti wamekuwa wakilichunguza fumbo hili tangu miaka ya 1960, na maelezo yanayokubalika na wengi ni kwamba chembechembe zile zile zinazotegemewa kuulinda mwili huweza, katika hali fulani, kuvifungulia virusi mlango.

Kwa wakazi wa Pwani ya Kenya, suala hili si la maabara pekee. Dengue iliripotiwa Malindi na Kilifi mwaka 1982, ikazuka Mandera mwaka 2011, kisha ikaikumba Mombasa mwaka 2013 na kurejea huko mwaka 2017 na 2021. Sampuli za damu zilizokusanywa humu nchini kati ya 2011 na 2014 zilionyesha kuwa aina tatu za virusi hivyo, yaani ya 1, ya 2 na ya 3, zilikuwa zikisambaa. Katika nchi jirani ya Tanzania, mlipuko wa Dar es Salaam wa mwaka 2014 ulisababishwa na aina ya 2, ilhali ule wa 2019 ulihusishwa zaidi na aina ya 1. Hivyo basi, wako watu wengi katika miji ya mwambao ambao tayari wameonja aina moja, na ambao huenda wakakutana na nyingine.

Wengi wao hawajui. Sehemu kubwa ya wanaoambukizwa haionyeshi dalili zozote, na wanaougua mara nyingi hudhani wana malaria. Mkanganyiko wa aina hii si wa leo. Katika karne ya 19 kisiwani Unguja, maradhi yaliyoandamana na homa na maumivu makali ya viungo yaliitwa kidingapopo, na wapo wanaisimu wanaoamini kwamba neno dengue lilitokana na jina hilo la Kiswahili. Hata hivyo, baadhi ya wataalamu wanashuku kwamba milipuko kadhaa ya wakati huo ilikuwa ya chikungunya, ugonjwa mwingine unaoenezwa na mbu yule yule.

Adui katika kibanda cha mlinzi

Virusi vya dengue ni vidogo mno. Kirusi kimoja kina kipenyo cha takriban nanomita 50, kiasi kwamba 20,000 vikipangwa mstari mmoja vitafikia urefu wa milimita moja tu. Kirusi hicho kina uzi mmoja wa chembe za urithi, wenye maagizo ya kutengeneza protini 10 pekee. Hakiwezi kuzaana peke yake. Ni sharti kiingie ndani ya seli ya kiumbe hai na kuitumia mitambo yake.

Msafirishaji wake mkuu ni mbu jike wa jamii ya Aedes aegypti, mwenye madoa meupe miguuni, ambaye huuma hasa mchana na kutaga mayai katika maji yaliyotuama ndani ya mapipa, mitungi na magurudumu yaliyotupwa. Anapouma, huingiza mate yake katika ngozi, na virusi humo humo.

Ngozi haikosi walinzi. Chini yake kuna seli za dendriti, zenye matawi kama ya mti, na seli nyingine kubwa ziitwazo makrofaji, ambazo kazi yake ni kumeza uchafu na wavamizi. Mlinzi wa aina ya dendriti akimkamata mgeni humkatakata, kisha husafiri hadi kwenye tezi za limfu, zile ambazo huvimba kwapani au kwenye kinena, na kuvionyesha vipande hivyo kwa askari wengine ili wamjue adui.

Hapa ndipo dengue inapotofautiana na maradhi mengi. Virusi vya mafua, kwa mfano, hushambulia hasa seli za njia ya hewa. Virusi vya dengue huwalenga walinzi wenyewe. Hujishikiza kwenye protini zilizo juu ya seli za dendriti na makrofaji, huvutwa ndani, na humo huanza kuzaana. Kisha mlinzi anapoelekea kwenye tezi kutoa habari, huwa amembeba adui aliye hai. Kutoka huko, virusi huingia katika damu na kuzifikia seli nyingine za kinga, hasa monositi, ambazo ni aina ya chembechembe nyeupe zinazozunguka mwilini.

Kengele yalia

Hata hivyo, seli iliyovamiwa haikubali kuangamia kimya kimya. Ndani yake mna protini za upelelezi ambazo hutambua chembe za urithi za kigeni. Zikizinasa, seli hutoa kemikali iitwayo interferoni, ambayo hufanya kazi kama mbiu ya mgambo. Seli za jirani zikiipokea, hufunga milango na kuwasha mamia ya jeni zinazozuia virusi kuzaana. Seli nyingine, zinazojulikana kama wauaji wa asili, huitikia mwito huo na kuanza kuziua seli zilizoambukizwa bila kungoja maelekezo zaidi.

Homa, kuumwa na kichwa, maumivu nyuma ya macho na uchovu anaohisi mgonjwa hutokana kwa kiasi kikubwa na kemikali hizi. Kwa maneno mengine, mengi ya mateso ya siku za kwanza ni dalili kwamba mwili unapigana.

Virusi navyo vina hila zake. Mojawapo ya protini zake, iitwayo NS5, huiharibu protini ya binadamu iitwayo STAT2, ambayo bila hiyo seli haiwezi kuuitikia mwito wa interferoni. Mbiu hulia, lakini masikio yamezibwa. Umuhimu wa hila hiyo umeonekana katika maabara. NS5 haiwezi kuiharibu STAT2 ya panya, na hiyo ni mojawapo ya sababu zinazowafanya panya wa kawaida wasiugue dengue. Watafiti wanaotaka kuuchunguza ugonjwa huo hulazimika kutumia panya walioondolewa uwezo wa kuitikia interferoni.

Askari wenye kumbukumbu

Wakati mapambano haya ya awali yakiendelea, kikosi cha pili huandaliwa katika tezi za limfu. Kina askari wa aina mbili, yaani seli B na seli T.

Seli B hutengeneza kingamwili, ambazo ni protini zenye umbo la herufi Y. Mikono miwili ya Y humshika adui, na mkia hubaki nje. Kingamwili zikikifunika kirusi barabara, hakiwezi tena kuingia katika seli. Za kwanza, ziitwazo IgM, huanza kuonekana katika damu kwa kawaida baada ya siku nne au tano za homa. Zile za kudumu, IgG, hufuata baadaye. Ndiyo sababu daktari huchagua kipimo kulingana na siku za ugonjwa. Katika siku za mwanzo hutafutwa virusi vyenyewe au protini yao iitwayo NS1, na baadaye hutafutwa IgM.

Seli T nazo zimegawanyika. Baadhi huratibu mapambano na kuzisaidia seli B, na nyingine huzisaka seli zilizoambukizwa na kuziua. Kufikia takriban siku ya saba tangu homa ianze, virusi huwa vimetoweka katika damu ya wagonjwa wengi.

Baada ya ushindi, baadhi ya seli B na T hubaki zikiwa kumbukumbu. Kama kungekuwa na aina moja tu ya virusi vya dengue, habari ingeishia hapo. Lakini ziko nne, zinazofanana kama ndugu wa baba mmoja bila kuwa pacha. Aliyepona aina ya 1 hupata kinga ya muda mrefu dhidi ya aina ya 1. Dhidi ya zile nyingine tatu, kinga hiyo hudumu kwa miezi michache tu, jambo ambalo mtafiti Albert Sabin, aliyekuja kusifika kwa chanjo ya polio, alilibaini katika majaribio aliyoyafanya wakati wa Vita vya Pili vya Dunia.

Kikulacho ki nguoni mwako

Baada ya miezi hiyo, kingamwili zilizobaki huwa na kasoro. Huitambua aina ya 2 kwa kuwa inafanana na ndugu yake, lakini haziwezi kuishika kwa nguvu za kutosha kuizuia. Hushikamana nayo tu.

Hapo ndipo ule mkia wa Y unapoleta balaa. Monositi na makrofaji zina vipokezi maalumu vya kushika mikia ya kingamwili. Katika maradhi mengi mpango huo ni mzuri, kwa sababu kitu chochote kilichovikwa kingamwili huchukuliwa kuwa adui aliyekwisha kamatwa, na seli humvuta ndani na kumyeyusha. Lakini kirusi cha dengue kilichoshikwa kwa ulegevu hakiyeyuki. Kikishavutwa ndani, hutoroka kutoka katika kifuko cha kuyeyushia na kuanza kuzaana katika seli ile ile ambayo kingetafuta kuingia. Kingamwili, badala ya kuwa pingu, huwa tiketi ya kuingilia.

Matokeo yake ni kwamba seli nyingi zaidi huambukizwa, na wingi wa virusi katika damu hupanda haraka.

Daktari Mmarekani Scott Halstead ndiye aliyelipa wazo hili uzito, baada ya kufanya kazi nchini Thailand katika miaka ya 1960. Watoto waliougua vibaya jijini Bangkok walikuwa wa makundi mawili. Kundi la kwanza ni wale waliokuwa wakiambukizwa kwa mara ya pili. Kundi la pili lilishangaza, kwa kuwa lilikuwa la watoto wachanga ambao hawajafikisha mwaka mmoja, na ambao walikuwa wakiambukizwa kwa mara ya kwanza. Fumbo lilifumbuka ilipobainika kwamba mama zao waliwahi kuugua dengue. Mtoto huzaliwa na kingamwili za mamaye. Mwanzoni huwa nyingi na humlinda. Miezi ikipita hupungua, na hufika kiwango ambacho haziwezi kumlinda tena lakini bado zinatosha kuvisaidia virusi.

Ushahidi mwingine ulitoka Cuba. Mwaka 1977 kisiwa hicho kilikumbwa na aina ya 1, na wagonjwa wengi hawakuugua sana. Miaka minne baadaye, mwaka 1981, aina ya 2 iliingia. Watu 344,203 waliripotiwa kuugua na 158 wakafariki, 101 kati yao wakiwa watoto. Mwaka 1997 aina ya 2 ilizuka tena katika mji wa Santiago de Cuba. Safari hii waliozidiwa walikuwa watu wazima, yaani kizazi kilichokuwa hai wakati wa mlipuko wa 1977. Watoto waliozaliwa baadaye, ambao hawakuwa na kumbukumbu yoyote ya dengue, walisalimika na makali yake. Kumbukumbu ya mwili ilikuwa imengoja miaka 20.

Utafiti uliofanywa nchini Nicaragua na kuchapishwa mwaka 2017, ambao ulifuatilia maelfu ya watoto kwa zaidi ya mwongo mmoja, uliongeza jambo muhimu. Kuwa na kingamwili hakumhatarishi kila mtu. Watoto waliokuwa na nyingi walilindwa. Hatari ilikuwa kubwa zaidi kwa waliokuwa na kiwango fulani cha chini, ambacho hakitoshi kuzuia virusi lakini kinatosha kuvipitisha.

Aliyeumwa na nyoka

Seli T za kumbukumbu pia zimeshukiwa. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na seli hizi huweza kufanya vivyo hivyo. Zikikutana na aina mpya, zile zilizofunzwa na aina ya zamani huamka kwanza na kuongezeka kwa kasi, ijapokuwa hazimfahamu adui vyema. Utafiti uliofanywa miongoni mwa watoto wa Thailand na kuchapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba seli nyingi za aina hii zilishikamana vyema zaidi na virusi vya maambukizi yaliyopita kuliko vya yale ya sasa. Kelele za kemikali hutolewa kwa wingi, na kazi inayofanyika ni haba.

Hata hivyo, si wote wanaoziona seli T kuwa na hatia. Utafiti wa mwaka 2013 kutoka Sri Lanka ulionyesha kuwa mwitikio imara wa seli hizo uliambatana na kinga dhidi ya ugonjwa mkali. Mjadala huo bado unaendelea, lakini wataalamu wengi wanaafikiana kwamba dengue kali haiwezi kuelezwa kwa sababu moja tu.

Homa ishukapo

Jambo linalowapotosha wagonjwa wengi ni kwamba hatari huja wakati homa inaposhuka, kwa kawaida kati ya siku ya tatu na ya saba. Mgonjwa huona nafuu na jamaa humshukuru Mungu. Lakini kwa wachache, ndipo mishipa midogo ya damu inapoanza kuvuja. Majimaji ya damu hutoka nje ya mishipa na kujaa tumboni au kifuani, damu iliyobaki huwa nzito, shinikizo lake hushuka, na viungo hukosa hewa ya oksijeni. Chembe zinazosaidia damu kuganda nazo huwa zimepungua.

La kustaajabisha ni kwamba wakati huo virusi huwa tayari vinapungua. Kinachoiumiza mishipa zaidi ni wingi wa kemikali zilizomwagwa na seli za kinga. Aidha, tafiti mbili zilizochapishwa mwaka 2015 zilionyesha kwamba protini ya NS1, ambayo seli zilizoambukizwa huitoa katika damu, inaweza yenyewe kuzilegeza kuta za mishipa na pia kuzichochea seli za kinga kutoa kemikali zaidi.

Kwa sababu hiyo, madaktari husisitiza kwamba saa 24 hadi 48 baada ya homa kushuka ndizo za kuwa macho. Maumivu makali ya tumbo, kutapika mfululizo, kutokwa na damu kwenye fizi au puani, kupumua kwa haraka, na uchovu au kukosa utulivu ni dalili za kumpeleka mgonjwa hospitalini bila kukawia. Hakuna dawa maalumu ya kuviua virusi vya dengue, lakini mgonjwa akipewa maji mwilini kwa kipimo na wakati ufaao, vifo hupungua hadi chini ya asilimia moja ya wanaougua vikali. Dawa ya kupunguza homa inayopendekezwa ni paracetamol. Aspirin na ibuprofen huepukwa kwa kuwa huongeza uwezekano wa kuvuja damu.

Funzo la Ufilipino

Ufahamu huu wa kinga umebadilisha hata namna chanjo zinavyotolewa. Mwaka 2016 serikali ya Ufilipino ilianza kuwachanja watoto wa shule kwa Dengvaxia, chanjo ya kwanza ya dengue kuidhinishwa duniani. Zaidi ya watoto 800,000 walikuwa wamechanjwa kufikia Novemba 2017, wakati kampuni ya Sanofi iliyoitengeneza ilipotangaza kwamba, kwa mtu ambaye hajawahi kuambukizwa dengue, chanjo hiyo ingeweza kuongeza hatari ya kuugua vikali baadaye. Kwa mwili wa mtoto kama huyo, chanjo ilikuwa sawa na maambukizi ya kwanza, na mbu aliyemwuma baadaye akawa analeta ya pili. Mpango huo ulisimamishwa, na imani ya wazazi wa nchi hiyo kwa chanjo kwa jumla ikaporomoka.

Tangu mwaka 2018, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba chanjo hiyo itolewe kwa waliothibitishwa kwa kipimo kuwa waliwahi kuambukizwa. Chanjo nyingine, Qdenga, ilipendekezwa na shirika hilo mwaka 2023 kwa watoto wa kati ya miaka 6 na 16 katika maeneo ambako dengue imeenea sana. Hutolewa mara mbili, kwa kuachanisha miezi mitatu. Changamoto kwa kila mtengenezaji ni ile ile, yaani kuufundisha mwili kuzizuia aina zote nne kwa pamoja na kwa nguvu, pasipo kuacha mwanya wa kingamwili legevu.

Ulimwenguni, wagonjwa zaidi ya milioni 14 waliripotiwa mwaka 2024, idadi kubwa kuliko ya mwaka wowote uliotangulia. Kwa mkazi wa Mombasa, Lamu au Mandera, somo la seli hizi lina maana ya moja kwa moja. Homa isiyoonekana kuwa malaria katika kipimo inastahili kuulizwa ni ya nini, kwa kuwa jibu linaweza kumfaa mgonjwa miaka mingi baadaye. Anayejua kwamba aliwahi kuugua dengue ana sababu ya kumwambia daktari mapema homa inapompata tena, na ana sababu kubwa zaidi ya kufunika pipa la maji nyumbani mwake. Mwili wake haujasahau ugonjwa ule, lakini kwa dengue, kukumbuka peke yake hakutoshi kumlinda.